Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ramani za Zamani za Ordnance Survey

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wale wanaozichunguza kwa mapenzi tu ramani za zamani za Ordnance Survey, taasisi ya taifa ya upimaji na ramani ya Uingereza: wanaotafuta nyumba aliyozaliwa bibi yao, njia ya reli iliyong'olewa, au sababu ya karatasi mbili za eneo moja kutofautiana. Ukiyasoma majibu yote utaona hoja moja ikijitokeza mara nyingi, nayo ni kwamba ramani moja hubeba tarehe kadhaa, na kila mstari uliomo una siku yake ya kupimwa.

Ordnance Survey ilianzaje?

Ilianzia jeshini. Baada ya uasi wa mwaka 1745 wa Wajakobi, waliotaka kuirudisha enzini familia ya kifalme ya Stuart, majeshi ya mfalme yalibaki na tatizo kubwa: hayakuwa na ramani ya kuaminika ya nyanda za juu za Uskoti. Kuanzia 1747 hadi 1755 kijana aitwaye William Roy, chini ya afisa David Watson, alifanya upimaji wa kijeshi wa Uskoti kwa skeli ya inchi 1 kwa yadi 1,000. Michoro hiyo haikuchapishwa zama zake, lakini ilimpa Roy hoja aliyoitetea maisha yake yote, kwamba nchi nzima inapaswa kupimwa kwa utaratibu mmoja na kwa gharama ya serikali.

Mwaka 1784 Roy alipima mstari wa msingi katika uwanda wa Hounslow, magharibi ya London, wenye urefu wa zaidi kidogo ya futi 27,404, akitumia mirija ya vioo kwa sababu fito za mbao zilikuwa zikivimba na kunywea kwa unyevu. Kutokana na mstari huo pembetatu za upimaji, ambazo urefu wa pande zake hukokotolewa kwa kupima pembe, zilienezwa hadi pwani ya Kent ili kuunganisha vituo vya unajimu vya Greenwich na Paris. Pembe zilipimwa kwa tiodolaiti, chombo cha kupimia pembe, kubwa ya fundi Jesse Ramsden, iliyokuwa na duara la futi 3 na uzito wa karibu ratili 200. Roy alifariki mwaka 1790. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Juni 1791, Bodi ya Ordnance, iliyosimamia mizinga na ngome za nchi, ilinunua tiodolaiti ya pili kutoka kwa Ramsden, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa taasisi. Ramani ya kwanza, ya Kent, ilitoka tarehe 1 Januari 1801. Si ajabu kwamba Kent ilitangulia, kwani ndiyo pwani iliyoelekeana na Ufaransa wakati wa vita.

Nitafute ramani ya skeli gani?

Inategemea unachokitafuta. Ramani za inchi 1 kwa maili 1, yaani 1:63,360, hukuonyesha mji na mazingira yake, barabara kuu, reli na umbo la nchi, ila barabara zimenenepeshwa ili zionekane, na nyumba moja moja vijijini si ya kutegemewa sana. Ramani za inchi 6 kwa maili, yaani 1:10,560, zilianza Ayalandi, ambako kisiwa kizima kilipimwa kuanzia 1824 kwa ajili ya kukadiria kodi ya ardhi, kazi iliyokamilika 1846 chini ya Thomas Colby. Kuanzia miaka ya 1840 skeli hiyo ilitumika Lancashire, Yorkshire na sehemu za Uskoti.

Kwa historia ya nyumba au shamba, chaguo langu ni 1:2,500, maarufu kama ramani za inchi 25. Baada ya mabishano makali ya miaka ya 1850 kuhusu skeli ipi ifuatwe, Bunge na Hazina hatimaye walikubali kwamba sehemu zote zinazolimwa zipimwe kwa skeli hiyo, na upimaji wa kwanza ulikamilika mwishoni mwa miaka ya 1880. Skeli hii ina sifa inayofurahisha kila anayeitumia: inchi moja ya mraba kwenye karatasi ni karibu sawa kabisa na ekari moja ardhini. Upana wa barabara ni upana wake halisi, kila ua una mstari wake, na katika matoleo ya mwanzo hata mti uliosimama peke yake kondeni uliwekwa mahali pake. Nakala za awali zilipakwa rangi kwa mkono: nyekundu ya waridi kwa majengo ya matofali au mawe, kijivu kwa yale ya mbao au chuma, buluu kwa maji. Milima na nyika zisizolimwa hazikupimwa kwa skeli hii, hivyo usishangae ukikosa karatasi za huko.

Kwa miji, ziko ramani kubwa zaidi. Miji yenye watu zaidi ya 4,000 ilipimwa kwa 1:500 hadi katikati ya miaka ya 1890, na humo utaziona nguzo za taa za barabarani, ngazi za milangoni na hata mpangilio wa ndani wa majengo ya umma. Sijui hati nyingine ya karne ya 19 inayomweka msomaji mtaani kwa ukaribu kiasi hicho.

Ramani yangu imeandikwa mwaka 1805, lakini ina reli. Je, ni bandia?

Kwa kawaida si bandia. Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Toleo la kwanza la ramani za inchi 1 lilichapwa kutoka kwenye mabamba ya shaba yaliyochongwa kwa mkono. Kuchonga bamba moja kulichukua muda mrefu na fedha nyingi, hivyo bamba lilipokamilika lilitumika kwa miongo kadhaa. Reli ilipojengwa, mchongaji aliiongeza kwenye bamba lile lile, au kwenye nakala ya bamba iliyotengenezwa kwa umeme, bila kuigusa tarehe ya uchapishaji iliyokuwa chini ya karatasi. Ndiyo maana karatasi ya Essex yenye tarehe ya 1805 inaweza kuonyesha reli inayopita Romford kwenda Colchester, ilhali reli hiyo ilifika Colchester mwaka 1843. Vijiji vilivyo kando ya reli hiyo, kwa upande mwingine, vinaweza kuwa bado ni vile vya siku za upimaji wa kwanza. Kwenye karatasi moja unasoma nyakati mbili ambazo hazikukutana kamwe.

Kwa hiyo tofautisha mambo manne: mwaka wa upimaji, mwaka wa kuhuishwa (yaani kusahihishwa upya), mwaka wa kuchapishwa kwa toleo, na mwaka wa kuchapwa kwa nakala uliyoishika. Ramani za inchi 6 na inchi 25 ni waungwana zaidi katika hili, kwa kuwa pambizoni mwake mara nyingi zimeandika mwaka wa upimaji, mwaka wa kuhuishwa na mwaka wa uchapishaji kila mmoja peke yake. Ukiona imeandikwa kwamba ilipimwa 1868, ikahuishwa 1896 na kuchapishwa 1898, hali unayoiona ni ya 1896, si ya 1898. Jengo la 1897 halitakuwamo, na kutokuwamo kwake hakuthibitishi kwamba halikuwapo ramani ilipouzwa.

Chunga pia maandishi yanayosema kwamba kilichoongezwa ni reli peke yake, au barabara kuu peke yake. Hapo mpimaji hakurudi kutazama nyumba, visima wala mipaka ya mashamba. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia fedha zilipunguzwa sana, na ratiba ya kuhuisha ramani za inchi 25 kila baada ya miaka 20 hivi ilivunjika: maeneo yaliyokuwa yakijengwa kwa kasi yalipewa kipaumbele, na vijijini pakasubiri. Matokeo yake ni kwamba katika kaunti moja unaweza kukuta karatasi ya miaka ya 1930 ikiwa jirani na karatasi ambayo habari zake ni za kabla ya 1914.

Kwa nakala zilizochapwa karne ya 20, tazama tarakimu ndogo za chini pembeni. Alama kama 3000/24 kwa kawaida humaanisha nakala 3,000 zilizochapwa mwaka 1924. Pale ambapo hakuna alama hiyo, watafiti huipata tarehe kwa njia ya kubana: reli ya mwisho iliyomo inakupa mwaka ambao nakala haiwezi kuutangulia, na reli ya kwanza inayokosekana inakupa mwaka ambao huenda nakala haikuuvuka. Kazi hii ni ya subira, na ina raha yake kwa anayeipenda.

Namba kama XXIV.7 maana yake nini?

Ni anwani ya karatasi ndani ya kaunti. Ramani za inchi 6 na inchi 25 zilipangwa kaunti kwa kaunti. Karatasi kamili ya inchi 6 ilifunika eneo la maili 6 kwa 4 na kupewa namba ya Kirumi, kisha eneo hilo likagawanywa katika karatasi 16 za inchi 25, kila moja ikifunika maili 1 na nusu kwa maili 1. Hivyo XXIV.7 ni karatasi ya saba kati ya 16 zilizomo katika eneo la karatasi ya 24. Baadaye karatasi za inchi 6 zilitolewa kwa robo, zikitambulishwa kwa pande za dira.

Namba hiyo bila jina la kaunti haikusaidii kitu, kwani kila kaunti ina XXIV yake. Zaidi ya hayo, kaunti nyingi zilikuwa na kitovu chao cha kupimia, na kwa sababu hiyo karatasi za kaunti mbili jirani hazikai sawa ukiziunganisha, na mara nyingi ng'ambo ya mpaka wa kaunti karatasi iliachwa tupu. Anayetafiti kijiji cha mpakani hana budi kutafuta karatasi za pande zote mbili.

Vifupisho na alama ndogo zinasomwaje?

Vingi ni rahisi ukishavizoea. B.M. ni alama ya kimo iliyochongwa ukutani au kwenye jiwe, F.P. ni njia ya miguu, P.H. ni baa, L.B. ni sanduku la barua, W ni kisima, P ni pampu, na T.C.B. ni kibanda cha simu. Vinavyowasumbua wengi ni vile vinavyofuata mipaka ya utawala: C.S. ni katikati ya kijito, C.R. ni katikati ya barabara, na 4 ft. R.H. ina maana kwamba mpaka unapita futi 4 kutoka kwenye mashina ya ua wa miti. Alama iliyo kama herufi S ndefu inayovuka mstari huunganisha vipande viwili vya ardhi ili vihesabiwe pamoja katika eneo moja.

Mtindo wa herufi nao una habari. Mambo ya kale ya Kirumi huandikwa kwa mwandiko wake, na ya zama nyingine kwa herufi za Kigothi. Uangalifu katika jambo hili uliongezeka baada ya 1920, O. G. S. Crawford alipoajiriwa kuwa afisa wa kwanza wa akiolojia wa taasisi.

Namba zilizo ndani ya mashamba zinaonyesha mmiliki?

Hapana. Kwenye ramani za inchi 25 namba ya juu ni namba ya kipande, na ya chini, yenye desimali, ni ukubwa wake kwa ekari. Katika matoleo ya mwanzo, ukubwa uliandikwa katika vijitabu vya kila parokia, navyo wakati mwingine hutaja pia matumizi ya ardhi. Ordnance Survey ilipima kilichoonekana ardhini, kama ukuta, ua, mtaro au kijito, na haikuuliza nani ana haki juu yake.

Ukitaka majina ya watu, ziko hati mbili za kuunganisha na ramani. Ya kwanza ni ramani za zaka zilizotokana na sheria ya 1836, ambazo zina orodha ya wamiliki na wakaaji. Namba zake ni tofauti kabisa na za Ordnance Survey, na kuzichanganya ni kosa linalorudiwa sana. Ya pili ni uthamini wa ardhi uliofuata sheria ya fedha ya 1910, ambapo maafisa wa kodi walichora mipaka ya kila mali juu ya karatasi za inchi 25. Vitabu vya uthamini huo vya England na Wales vimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London.

Je, njia iliyochorwa ni ushahidi kwamba umma una haki ya kupita?

Hapana, na ramani zenyewe zimetamka hivyo kwa maandishi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Njia iliyochorwa inathibitisha kwamba mpimaji aliiona njia hiyo ardhini.

Majina ya mahali yalipatikanaje, na niyaamini kiasi gani?

Wapimaji walibeba vitabu vya majina. Kila jina liliingizwa pamoja na namna mbalimbali za kuliandika, maelezo mafupi ya mahali, na watu walioshuhudia tahajia yake, ambao aghalabu walikuwa watatu. Kwa desturi wenye ardhi, mapadri na walimu ndio waliosikilizwa zaidi kuliko wachunga kondoo na wavuvi waliolitamka jina hilo kila siku. Uzito wa jambo hili uko wazi katika sehemu zilizozungumza Kigaeli na Kiwelisi, ambako masikio ya Kiingereza yaliyageuza majina mengi. Huko Ayalandi mtaalamu John O'Donovan alizunguka kaunti kwa kaunti akikusanya asili ya majina, na barua zake ni hazina hadi leo, ingawa tahajia iliyoingia kwenye ramani ilikuwa ya Kiingereza.

Vitabu vya Uskoti vimesalimika. Kwa England msiba ni mkubwa, kwani ofisi kuu ya Southampton, ambako taasisi ilihamia baada ya moto wa mwaka 1841 katika Mnara wa London, ilipigwa mabomu mwaka 1940, na vitabu vya kaunti nyingi viliteketea. Vilivyobaki ni vya Cumberland, Durham, Hampshire, Northumberland na Westmorland. Kwa kaunti nyingine, ramani yenyewe ndiyo shahidi pekee wa kile wapimaji walichoandika.

Kwa nini kiwanda au kambi ninayojua ilikuwapo haionekani?

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni tarehe, kama ilivyoelezwa hapo juu. Sababu ya pili ni usiri wa kijeshi: ngome, maghala ya silaha na viwanja vya ndege viliondolewa katika ramani zilizouzwa kwa umma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilitolewa picha za angani zilizounganishwa kama ramani, na katika baadhi yake sehemu nyeti zilifunikwa kwa mashamba au mawingu ya kuchorwa. Ukikuta uwanda mweupe usio na mstari wowote katikati ya mji wa bandari, usiharakishe kusema palikuwa pori.

Kwa nini kimo cha kilima kimoja hutofautiana kati ya matoleo?

Kwa sababu usawa wa bahari uliotumika kama msingi ulibadilishwa. Mwanzoni vimo vilihesabiwa kutoka kiwango kilichochukuliwa katika gati ya Victoria, Liverpool, mwaka 1844 kwa siku chache tu. Baadaye kiwango kilichukuliwa Newlyn, Cornwall, kwa kusoma maji kuanzia Mei 1915 hadi Aprili 1921, nacho ndicho kinachotumika Britania bara hadi sasa. Usilinganishe vimo viwili kabla ya kusoma pambizoni kila kimoja kilitoka wapi.

Gridi ya taifa iliingia lini?

Gridi hiyo, yaani mistari ya mraba inayoipa kila sehemu ya nchi namba zake, iliingia pamoja na kazi kubwa ya kupima upya pembetatu za nchi nzima, iliyoanza katikati ya miaka ya 1930 chini ya Martin Hotine na kukamilika 1962. Nguzo za zege zaidi ya 6,500 zilijengwa juu ya vilima, na vipimo vya kwanza vilichukuliwa Cold Ashby tarehe 18 Aprili 1936. Kamati iliyoongozwa na Davidson ilipendekeza gridi moja ya mita kwa nchi nzima mwaka 1938, na baada ya vita karatasi za kaunti zilianza kuachwa na kufuatwa na karatasi zinazopangwa kwa gridi hiyo. Ramani za inchi 1 zilipokea mrithi wa 1:50,000 kuanzia mwaka 1974, na sasa karatasi 204 zinatosha Britania nzima.

Nitaziona wapi bila kusafiri, na haki za kunakili zikoje?

Anza na Maktaba ya Taifa ya Scotland, ambayo imeweka mtandaoni ramani za zamani za Uskoti, England na Wales, nyingi zikiwa zimelinganishwa na ramani za leo ili uweze kuziangalia bega kwa bega. Maktaba ya Uingereza ina michoro ya mikono ya wapimaji wa awali, mingi ikiwa ya inchi 2 kwa maili, yenye mambo yaliyoachwa katika toleo lililochapwa. Hakimiliki ya serikali kwa ramani hizi hudumu miaka 50 tangu kuchapishwa, lakini maktaba iliyotengeneza nakala ya kidijitali inaweza kuwa na masharti yake, hivyo yasome kabla ya kuchapisha. Anayetaka kujadiliana na wajuzi atawakuta katika Charles Close Society, chama kilichoanzishwa 1980 na kupewa jina la mkurugenzi wa taasisi wa miaka ya 1911 hadi 1922.

Ramani hizi zina uhusiano gani na zile za Tanzania, Kenya na Uganda?

Uhusiano wa karibu, kwa watu na kwa mbinu. Kabla ya kusimamia nguzo za vilimani Uingereza, Hotine alikuwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930 akipima pembetatu za tao la longitudo 30, mnyororo uliokusudiwa kuipitia Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Mwaka 1946 aliwekwa kuongoza idara mpya ya upimaji wa makoloni, ambayo ilitumia picha za ndege kuchora ramani za 1:50,000 ambazo bado zimo katika ofisi nyingi za ardhi za Afrika Mashariki. Idara hiyo ilibadilishwa jina mwaka 1957 na kuunganishwa na Ordnance Survey mwaka 1984.

Anayezichunguza ramani hizo azisome pambizo kwa uangalifu ule ule, maana mwaka wa picha ya ndege, mwaka wa ukaguzi wa majina ardhini na mwaka wa uchapishaji aghalabu haulingani. Akitaka kuzilinganisha na simu yake, akumbuke pia kwamba zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ambao majira yake (namba za kutambua mahali) yanatofautiana na ya setilaiti kwa takriban mita 300, umbali unaotosha kuhamisha kisima kutoka kitongoji kimoja hadi kingine iwapo programu haikupangwa kufanya ubadilishaji huo.